Max Theiler: Mzaliwa wa Pretoria aliyeishinda homa ya manjano kwa msaada wa panya

Kabla ya chanjo kupatikana, homa ya manjano iliwaua hata wanasayansi waliokwenda kuichunguza. Mtu aliyefungua njia ya kuidhibiti alizaliwa Afrika, hakuwahi kutunukiwa na chuo kikuu shahada ya udaktari, na msaidizi wake mkubwa alikuwa panya mweupe anayeenea kiganjani.

Msafiri anayetua katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, hutakiwa kuonyesha kadi ya njano, ushahidi kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Katika mji huohuo, kando ya Ziwa Victoria, ipo taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya maradhi hayo. Kadi na taasisi hiyo vina asili moja: kazi iliyofanywa ng'ambo, katika maabara za Boston na New York, na mtafiti Max Theiler. Mwaka 1951 Theiler alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Nobel, lakini ni wachache Afrika Mashariki wanaolijua jina lake.

Mtoto wa daktari wa mifugo

Max Theiler alizaliwa Pretoria tarehe 30 Januari 1899, miezi michache kabla ya kuzuka vita kati ya Makaburu na Waingereza. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Baba yake, Arnold Theiler, alikuwa daktari wa mifugo kutoka Uswisi aliyehamia Afrika Kusini akiwa kijana na kupoteza mkono mmoja katika ajali ya mashine ya shambani. Hilo halikumzuia kufanya kazi. Sotoka, tauni ya ng'ombe iliyokuwa imeteketeza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilipofika kusini mwa bara mwaka 1896, Arnold Theiler alikuwa miongoni mwa waliopambana nayo. Mwaka 1908 alianzisha taasisi mashuhuri ya utafiti wa maradhi ya mifugo ya Onderstepoort. Wafugaji wa ukanda huu wanaoijua ndigana kali wanakutana na jina lake bila kujua, kwani vimelea vinavyosababisha ugonjwa huo vinaitwa Theileria kwa heshima yake.

Mwanawe alichagua tiba ya binadamu. Alisoma Grahamstown na Cape Town, kisha mwaka 1919 akaenda London katika shule ya tiba ya Hospitali ya St Thomas. Huko alikuta kikwazo: Chuo Kikuu cha London hakikuyatambua masomo aliyoyafanya Cape Town. Alipohitimu mwaka 1922 alipata leseni ya kutibu kutoka vyama vya kitaaluma vya madaktari na wapasuaji, si shahada ya chuo kikuu. Baada ya kozi fupi ya magonjwa ya nchi za joto, mwaka huohuo alivuka bahari kwenda Marekani kufanya kazi katika idara ya tiba ya nchi za joto ya Chuo Kikuu cha Harvard, mjini Boston. Alikuwa na umri wa miaka 23. Hakurejea tena kuishi Afrika Kusini.

Maradhi yaliyowaua wachunguzi wake

Homa ya manjano huanza kwa homa kali, maumivu ya kichwa na ya mgongo. Wengi hupona baada ya siku chache. Kwa baadhi ya wagonjwa, homa hurudi kwa nguvu mpya: ini huharibika, macho na ngozi hugeuka rangi ya manjano, na mgonjwa hutapika damu iliyokwisha kuwa nyeusi. Ugonjwa huu ulitoka Afrika na kuvuka Bahari ya Atlantiki pamoja na meli za biashara ya watumwa, na kwa karne kadhaa ukawa tishio katika miji ya bandari ya Amerika. Mwaka 1900, tume ya jeshi la Marekani iliyoongozwa na Walter Reed ilithibitisha mjini Havana kwamba unaenezwa na mbu. Kilichobaki fumbo ni kile kilichobebwa na mbu huyo.

Mwaka 1919, mtaalamu maarufu kutoka Japani aliyefanya kazi New York, Hideyo Noguchi, alitangaza kwamba amekipata kisababishi: bakteria wa jamii ya leptospira. Sifa zake zilikuwa kubwa na wengi walimsadiki. Theiler, aliyekuwa bado kijana asiye na jina, alishirikiana na mkuu wake Andrew Sellards kuonyesha kwamba bakteria wa Noguchi hakuwa tofauti na yule anayesababisha ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao Tanzania unajulikana kama homa ya mgunda na ambao huenezwa kwa mkojo wa panya. Homa ya manjano ilitokana na kitu kingine, kidogo mno kuonekana kwa hadubini za wakati ule.

Jibu lilianza kupatikana Afrika Magharibi. Mwezi Juni 1927, watafiti wa Wakfu wa Rockefeller walichukua damu ya kijana aliyeitwa Asibi, aliyekuwa akiugua homa kidogo tu katika koloni la Gold Coast, yaani Ghana ya leo. Damu hiyo ilidungwa kwa kima wa aina ya rhesus kutoka India, naye akaugua homa ya manjano. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mnyama wa kuchunguzia maradhi hayo, na ikathibitika kwamba kisababishi ni virusi. Asibi alipona. Watafiti hawakuwa na bahati hiyo. Adrian Stokes, mmoja wa waliofanya jaribio hilo, alifariki Lagos mwezi Septemba mwaka huo. Noguchi mwenyewe alikwenda Accra kutafuta ukweli, akafa kwa homa ya manjano mwezi Mei 1928. Siku chache baadaye alifuata William Young, daktari aliyekuwa mwenyeji wake huko.

Panya badala ya kima

Kima wa rhesus waliufanya utafiti uwezekane, lakini pia waliubana. Walinunuliwa kwa bei kubwa, walisafirishwa kutoka mbali, na walikuwa wachache. Mtafiti aliyekuwa na kima watatu au wanne alilazimika kutosheka na majibu ya wanyama hao. Theiler, ambaye bajeti ya idara yake haikuruhusu hata hilo, aliamua kujaribu panya weupe. Panya ni rahisi kufuga, hubeba mimba kwa wiki tatu tu, na huzaa watoto wengi kwa mkupuo. Wanaweza kutumiwa kwa makumi, na makumi ndiyo yanayompa mtafiti uhakika.

Wengine walikwisha kuona kwamba panya aliyedungwa virusi chini ya ngozi au tumboni hakuonyesha dalili. Theiler alivipeleka virusi moja kwa moja katika ubongo wa panya aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, akitumia sindano nyembamba. Virusi hivyo vilikuwa vya aina iliyopatikana Dakar, Senegal. Panya walikufa.

Hata hivyo, ini lao lilikuwa zima. Kilichowaua ni uvimbe wa ubongo. Wakosoaji walikuwa na haki ya kuuliza kama kweli ile ilikuwa homa ya manjano au ni maradhi mengine yaliyojipenyeza maabara. Theiler alijibu kwa majaribio. Alichukua ubongo wa panya walioambukizwa akaudunga kwa kima, na kima akapata homa ya manjano. Kisha alichukua seramu, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, kutoka kwa watu waliowahi kupona homa ya manjano, akaichanganya na virusi kabla ya kuwadunga panya. Panya hao hawakufa. Mwaka 1930 alichapisha matokeo hayo katika jarida la Science.

Ushahidi mwingine aliupata mwilini mwake. Mwaka 1929, katikati ya kazi hiyo, Theiler aliambukizwa maabara na kuugua homa ya manjano. Alipona, na tangu hapo hakuuogopa tena ugonjwa huo kama walivyouogopa wenzake, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umepata kinga ya kudumu.

Katika majaribio hayo kulikuwa na jambo moja zaidi, ambalo baadaye lilikuja kuwa kubwa kuliko yote. Kila virusi vilipohamishwa kutoka ubongo wa panya mmoja kwenda kwa mwingine, mara nyingi mfululizo, vilizidi kuwa vikali kwa panya na kupungua makali kwa ini la kima. Virusi vilikuwa vinabadilika. Kama vingeweza kubadilika kufikia hatua ya kutomdhuru binadamu huku mwili ukiendelea kuvitambua, hiyo ingekuwa chanjo.

Ramani ya kinga Afrika Mashariki

Mwaka 1930 Theiler alihamia maabara za Wakfu wa Rockefeller mjini New York. Kazi ya mwanzo iliyotokana na ugunduzi wake haikuwa chanjo bali kipimo. Seramu ya mtu yeyote ilichanganywa na virusi na kudungwa kundi dogo la panya. Wakiishi, mtu huyo aliwahi kuambukizwa, hata kama hakumbuki kuugua. Wakifa, hakuwa na kinga. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kujua ugonjwa umepita wapi hata pale ambapo hapakuwa na daktari wa kuuandika.

Seramu zilikusanywa sehemu nyingi za Afrika na kusafirishwa hadi New York. Majibu ya panya yaliwashtua wengi. Homa ya manjano, iliyodhaniwa kuwa maradhi ya Afrika Magharibi, ilikuwa imeacha alama katika damu ya watu hadi Uganda na kusini mwa Sudan, kulikokuwa hakujaripotiwa mlipuko wowote. Wakati huo safari za ndege zilikuwa zimeanza kuiunganisha Afrika Mashariki na Asia. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliingiwa na hofu kwamba abiria mmoja, au mbu mmoja ndani ya ndege, angeupeleka ugonjwa India, nchi yenye mbu wa aina ileile na mamilioni ya watu wasio na kinga. Ndiyo sababu taasisi ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1936.

Theiler hakuiongoza taasisi hiyo, lakini njia yake ndiyo iliyofanya kazi humo. Watafiti wa Entebbe waliotafuta homa ya manjano waliwadunga panya damu za wagonjwa, za kima na mbu waliosagwa, na panya hao wakawaonyesha mambo wasiyoyatafuta. Mwaka 1937 damu ya mwanamke mwenye homa katika wilaya ya West Nile ilitoa virusi vipya ambavyo leo vinajulikana duniani kwa jina la wilaya hiyo. Mwezi Aprili 1947, kima nambari 766, aliyekuwa amefungwa kwenye jukwaa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, alipata homa. Seramu yake ilidungwa ubongoni mwa panya, na siku kumi baadaye panya wote hao walikuwa wagonjwa. Hivyo ndivyo virusi vya Zika vilivyogunduliwa, takriban miaka sabini kabla ya kuzua taharuki Amerika Kusini.

Nyanda za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, nazo zimo katika historia hiyo. Mlipuko wa homa iliyowakunja watu kwa maumivu ya viungo ulitokea Newala mwaka 1952 na 1953, na sampuli zikachunguzwa Entebbe kwa kutumia panya. Ugonjwa ulipewa jina kutoka Kimakonde, chikungunya, likieleza jinsi mgonjwa anavyojikunja.

Panya waliotumika Entebbe katika kazi kama hizo walikuwa wa aina inayoitwa Uswisi. Asili yao ni panya tisa tu, madume wawili na majike saba, walioletwa New York kutoka Lausanne mwaka 1926 na mtafiti Clara Lynch wa Taasisi ya Rockefeller. Kwa kuwa walizaana ndani ya ukoo mmoja, walifanana kwa kiasi kikubwa, na matokeo ya maabara moja yaliweza kulinganishwa na ya nyingine hata kama kati yao ipo bahari.

Chanjo iitwayo 17D

New York, Theiler na wenzake waliendelea kuvifuata virusi vinavyobadilika. Chanjo ya mwanzo, iliyotumia virusi vilivyozoeshwa ubongo wa panya pamoja na seramu ya binadamu mwenye kinga, ilianza kutolewa kwa wafanyakazi wa maabara mwaka 1931. Iliokoa maisha yao, lakini ilihitaji seramu nyingi mno kwa kila mtu. Haikufaa kwa umma. Isitoshe, virusi vilivyozoea ubongo wa panya vilikuwa hatari kwa ubongo wa binadamu.

Kwa hiyo Theiler aliacha kuvikuza katika ubongo wa panya walio hai na kugeukia tishu ndani ya chupa. Safari hii alianza na virusi vilivyotokana na damu ya Asibi. Katika jaribio lililopewa nambari 17, virusi vilikuzwa mara 18 katika tishu za viinitete vya panya, kisha mara 58 katika viinitete vya kuku, na baada ya hapo katika viinitete vya kuku vilivyoondolewa ubongo na uti wa mgongo. Kazi hiyo ilikuwa ya kujirudia kwa miaka: kukuza, kuhamisha, kupima kwa panya na kima, kuanza upya. Baada ya kuhamishwa zaidi ya mara mia moja, tawi moja la jaribio hilo, lililoandikwa D, lilionyesha tabia mpya. Kima waliodungwa hata ubongoni waliendelea kuishi, nao walipata kinga kamili.

Theiler alijaribu kuyarudia mabadiliko hayo kwa njia ileile, hakufanikiwa. Yalitokea mara moja, na yeye pamoja na mwenzake Hugh Smith walikuwa makini kiasi cha kuyaona. Mwaka 1937 walitangaza chanjo ya 17D. Ilijaribiwa kwa watu wachache New York, kisha Smith akaipeleka Brazil, ambako kufikia mwaka 1939 zaidi ya watu milioni 1 walikuwa wamechanjwa. Kati ya mwaka 1940 na 1947, Wakfu wa Rockefeller ulitengeneza zaidi ya dozi milioni 28.

Miaka hamsini baada ya tangazo hilo, wanajenetiki waliweza kusoma kilichotokea ndani ya chupa zile. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba virusi vya Asibi na vya 17D vinatofautiana katika herufi 68 tu za jenetiki kati ya karibu 11,000. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha ugonjwa unaoua na chanjo inayookoa.

Mambo ambayo panya hakuweza kuyaonyesha

Historia hii ina upande wake wa uchungu. Mwaka 1942, maelfu ya wanajeshi wa Marekani waliochanjwa kwa ajili ya vita walianza kugeuka manjano. Hawakuwa na homa ya manjano, bali homa ya ini. Seramu ya binadamu iliyokuwa ikiongezwa kwenye chanjo ilitoka kwa wachangiaji ambao baadhi yao walikuwa na virusi ambavyo baadaye vilitambuliwa kuwa vya homa ya ini aina ya B. Karibu wanajeshi 50,000 walilazwa hospitali, na inakadiriwa kwamba walioambukizwa walifikia 330,000. Majaribio ya panya yasingeweza kuonya, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B haviambukizi panya. Brazil, ambako tatizo kama hilo lilionekana mapema zaidi, ilikuwa imekwisha kuacha kutumia seramu hiyo. Marekani nayo iliiondoa mwaka 1942.

Afrika Magharibi ilipata funzo la aina nyingine. Wataalamu wa Kifaransa mjini Dakar waliendelea na virusi vilivyozoeshwa ubongo wa panya, wakatengeneza chanjo iliyopakwa kwenye mchanjo wa ngozi. Ilikuwa rahisi kuitoa vijijini bila sindano, na katika makoloni ya Ufaransa iliishusha homa ya manjano kwa kiwango kikubwa. Lakini tabia ya kupenda ubongo haikuwa imetoka, na baadhi ya watoto walipata uvimbe wa ubongo. Chanjo hiyo ilizuiwa kwa watoto wadogo, na mwaka 1982 utengenezaji wake ulikoma. Chanjo zote mbili zilipitia kwa panya. Tofauti ni kwamba Theiler hakuridhika na jibu la panya peke yake.

Nobel na miaka ya mwisho

Theiler aliwachunguza panya kwa ajili ya panya wenyewe pia. Katika miaka ya 1930 aligundua kwamba baadhi ya panya wa maabara yake walipooza bila kudungwa chochote, akabaini virusi vya asili vya panya vinavyofanana na vya polio. Virusi hivyo vina jina lake hadi leo, na hutumika kuchunguza maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu.

Desemba 1951 alipokea peke yake Tuzo ya Nobel ya Tiba mjini Stockholm, kwa ugunduzi uliohusu homa ya manjano na namna ya kupambana nayo. Mwaka huo aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa maabara za Wakfu wa Rockefeller katika New York, na mwaka 1964 alihamia Chuo Kikuu cha Yale kama profesa, hadi alipostaafu mwaka 1967. Alikuwa amemwoa Lillian Graham mwaka 1928, na walijaliwa binti mmoja. Alifariki New Haven, jimbo la Connecticut, tarehe 11 Agosti 1972, akiwa na umri wa miaka 73.

Chanjo inayotolewa leo katika vituo vya afya vya Nairobi, Kampala au Kinshasa bado ni uzao wa 17D. Kwa miongo mingi hata nguvu ya kila dozi ilipimwa kwa panya, kabla ya seli zinazokuzwa maabara kuchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 2016, mlipuko ulipotoka Angola na kuingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na akiba ya chanjo ikapungua, mamilioni ya wakazi wa Kinshasa walipewa moja ya tano ya dozi ya kawaida, kiasi kilichotosha kuwakinga katika dharura hiyo.

Mwezi Julai mwaka huohuo, baada ya kuthibitika kwamba dozi moja kamili hutosha kwa maisha yote, kadi ya njano iliacha kuisha muda wake baada ya miaka kumi. Msafiri anayeitoa leo mbele ya ofisa wa afya Entebbe haina haja ya kuihuisha tena. Ndani ya mkono wake alichomwa uzao wa virusi vilivyotoka katika damu ya Asibi, vikapitia viinitete vya panya na vya kuku, chini ya jicho la mtu aliyezaliwa Pretoria.